Kuchagua Gari Mseto la Plagi kwa Milima ya Uluguru

Mji wa Morogoro umejengwa miguuni mwa Milima ya Uluguru, katika kimo cha mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Nyuma ya mji ardhi inainuka ghafla. Vilele vya Lupanga na Bondwa vinapita mita 2,000, na Kimhandu, kilicho kirefu kuliko vyote, kinapita mita 2,600. Mtu aweza kuondoka mjini asubuhi akitokwa na jasho, na kabla ya adhuhuri akawa Nyandira, katika nchi ya Mgeta, amevaa sweta akitazama mashamba ya kabichi, karoti na viazi. Njia yake imeiacha barabara ya Iringa karibu na Mzumbe, ikapita Mlali, kisha ikaanza kupanda.

Safari ya namna hiyo ndiyo mtihani tutakaoutumia katika makala haya. Miongoni mwa magari yanayoletwa Afrika Mashariki siku hizi yamo yale yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja, nayo huchajiwa kwa kuchomekwa ukutani kama pasi. Mengi yana umbo la yale ambayo watu huyaita magari ya juu, ila ni madogo kidogo. Wauzaji huyasifu kwa kusema kwamba hayali mafuta. Je, sifa hiyo ni ya kweli katika milima? Na kama magari yenyewe ni mbalimbali, mnunuzi wa Morogoro achague lipi?

Swali hili si la anasa. Baada ya nyumba, gari ndicho kitu ghali kuliko vyote ambavyo familia ya mwalimu, shule au chama cha ushirika hununua. Uchaguzi mbaya haulipiwi mara moja. Hulipiwa kila wiki, kwa miaka mingi. Bahati njema ni kwamba fizikia ya kidato cha pili na cha tatu yatosha kutuongoza. Hebu tuitumie.

Gari mseto la plagi ni nini?

Gari la kawaida lina injini inayochoma petroli na kuzungusha magurudumu kwa njia ya gea. Gari mseto, au haibridi, lina injini hiyo na pia mota ya umeme na betri. Likipunguza mwendo, mota hugeuka kuwa jenereta: magurudumu huizungusha, nayo hurudisha umeme katika betri. Katika gari mseto la kawaida betri ni ndogo sana, na umeme wake wote asili yake ni petroli iliyochomwa ndani ya gari lenyewe.

Gari mseto la plagi lina betri kubwa zaidi, nalo laweza kupokea umeme kutoka nje. Kwa kilomita za mwanzo laweza kwenda kwa umeme mtupu. Umeme ukipungua, injini huwaka na safari huendelea. Kwa hiyo dereva hana hofu ya kukwama njiani, maadamu kuna petroli katika tangi.

Tuchukue mifano mitatu, kwa kuwa haifanani katika jambo moja moja la maana.

Mfano wa kwanza ni Mitsubishi Outlander PHEV, iliyoanza kuuzwa Japani mwezi wa Januari 2013. Toleo hilo la kwanza lilikuwa na injini ya lita 2.0, betri ya kilowati-saa 12, na mota mbili, moja ya magurudumu ya mbele na moja ya nyuma. Katika mwendo wa polepole injini yake haizungushi magurudumu. Huzungusha jenereta tu, nayo jenereta hulisha mota. Ni katika mwendo wa kasi tu injini inapounganishwa na magurudumu ya mbele moja kwa moja. Toleo jipya lililotoka mwishoni mwa 2021 lilikuja na betri ya kilowati-saa 20.

Mfano wa pili ni Toyota RAV4 PHV, iliyotoka Japani mwezi wa Juni 2020. Ina injini ya lita 2.5 na betri ya kilowati-saa 18.1. Injini na mota zake za mbele zimeunganishwa kwa gea za sayari, ambazo huigawa nguvu ya injini sehemu mbili: nyingine huenda kwenye magurudumu na nyingine kwenye jenereta. Magurudumu ya nyuma yana mota yake ya peke yake.

Mfano wa tatu ni BYD Sealion 6 kutoka China, ambayo hutengenezwa pia ikiwa na usukani upande wa kulia. Toleo lake la bei nafuu lina injini ya lita 1.5 na betri ya kilowati-saa 18.3, lakini huendeshwa kwa magurudumu ya mbele peke yake.

Hesabu ya mlima

Kilowati-saa moja ndiyo ile tunayoiita yuniti tunaponunua umeme wa LUKU. Ni sawa na jouli milioni 3.6. Swali la kwanza ni hili: yuniti ngapi zahitajika kulipandisha gari mlimani?

Tuseme gari pamoja na abiria na mizigo lina tungamo la kilo 2,000. Magari ya aina hii ni mazito, na mengi hukaribia kilo 1,900 kabla mtu hajapanda. Tuseme pia kwamba mpando ni wa mita 1,000, uliotandazwa katika njia ya kilomita 25. Huo ni mfano wa haki kwa mtu anayetoka tambarare ya Mlali kwenda Mgeta ya juu.

Kazi ya kuinua kitu ni tungamo mara mvuto wa ardhi mara kimo. Yaani 2,000 mara 9.8 mara 1,000, ambayo ni jouli milioni 19.6. Tukigawa kwa milioni 3.6 tunapata yuniti 5.4. Kiasi hiki hakina njia ya mkato. Dereva awe hodari au mzembe, gari liwe la Japani au la China, kuinua kilo 2,000 kwa mita 1,000 ni yuniti 5.4, wala hazipungui.

Juu ya hizo kuna ukinzani wa matairi na barabara. Katika njia ya changarawe ukinzani huo waweza kuwa sawa na asilimia 2 ya uzito wa gari. Kani hiyo, yapata nyutoni 392, ikifanya kazi kwa kilomita 25, hula jouli milioni 9.8, sawa na yuniti 2.7. Upepo tutauacha, kwa kuwa mlimani mwendo ni wa polepole.

Jumla ni yuniti 8.1 kwenye magurudumu. Hata hivyo mota na vifaa vinavyoielekeza hupoteza kidogo kwa njia ya joto. Tukichukua kwamba asilimia 85 ya nishati ya betri hufika kwenye magurudumu, betri itatoa yuniti 9.5 hivi kwa mpando peke yake. Tukiongeza kilomita 25 za tambarare kutoka mjini hadi miguuni mwa mlima, kwa yuniti 0.18 kila kilomita, tunapata yuniti 4.5 nyingine. Safari nzima ya kwenda, basi, yataka yuniti 14.

Betri ipi inafika juu?

Hapa mnunuzi ajihadhari na jambo ambalo matangazo hayalielezi vizuri. Ukubwa wa betri ulioandikwa si kiasi kinachotumika. Kompyuta ya gari huzuia betri isikauke kabisa, na huacha akiba ya kuliendesha gari kama mseto wa kawaida. Kwa makadirio, chukua asilimia 70 ya betri ndogo na asilimia 80 ya betri kubwa kuwa ndiyo sehemu itumikayo.

Kwa kipimo hicho, betri ya kilowati-saa 12 hutoa 8.4. Tambarare inakula 4.5, zinabaki 3.9. Mpando unataka 9.5. Kwa hiyo gari litapanda kwa umeme kilomita 10 tu kati ya 25, kisha injini itawaka na kuendelea hadi juu. Betri ya 18.1 hutoa 14.5: gari litafika juu kwa umeme mtupu, likiwa karibu limemaliza. Betri ya 20 hutoa 16, na litafika likiwa na salio dogo.

Mtu aweza kuuliza: kuna ubaya gani injini ikiwaka? Ubaya si mkubwa, lakini upo. Hewa huwa nyepesi kadiri tunavyopanda, na injini isiyo na tabochaja hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Injini iliyopimwa pwani, ikifika kwenye kimo cha mita 1,500, imepoteza asilimia 15 hivi. Mota ya umeme haivuti hewa ili kuchoma kitu, hivyo haipungukiwi. Zaidi ya hayo, mota huanza na kani kamili tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, jambo ambalo ndilo linalotakiwa kwenye kona kali yenye mawe.

Kwa sababu hiyo, magari mengi ya aina hii yana kitufe cha kuhifadhi betri. Dereva mwenye betri ndogo anaweza kukibonyeza atokapo mjini, akatumia petroli kwenye lami hadi Mzumbe, kisha akautoa umeme mlimani, mahali unapofaa zaidi. Betri ya 12 ikihifadhiwa hivyo hulipeleka gari kilomita 22 kati ya 25 za mpando.

Nishati inayorudi mteremkoni

Zile yuniti 5.4 tulizozitumia kujiinua hazikupotea. Zimewekwa akiba katika kimo cha gari, nazo zitatoka wakati wa kushuka. Swali ni zitakwenda wapi.

Nusu yake, yaani yuniti 2.7, italiwa na matairi na barabara. Nusu nyingine lazima izuiwe, la sivyo gari litashika kasi na kuacha njia. Katika gari la kawaida kazi hiyo ni ya breki na injini. Yuniti 2.7 ni joto la kutosha kuchemsha lita 29 za maji yaliyokuwa katika nyuzijoto 20, yaani ndoo kubwa moja na nusu. Ndiyo maana breki za magari yanayoshuka Uluguru hunuka, na zikizidi kupata joto hulegea.

Katika gari mseto, jenereta hupokea sehemu kubwa ya nishati hiyo. Tukichukua kwamba asilimia 65 yake hurudi katika betri, tunapata yuniti 1.8. Si nyingi, ni umeme wa kwenda kilomita 10 za tambarare. Lakini ni za bure, na breki zimepumzika. Katika Outlander dereva huchagua ukali wa uzuiaji huo kwa vidole, kwa vibao viwili vilivyo nyuma ya usukani.

Hapa pana jambo ambalo wakazi wa milimani wapaswa kulizingatia. Betri iliyojaa haipokei kitu. Mwalimu anayeishi Nyandira akichaji gari usiku hadi asilimia 100, kisha akashuka alfajiri, jenereta yake haina pa kuweka umeme. Gari litaacha kuzuia kwa umeme, na kazi yote itarudi kwenye breki na injini. Amelipia umeme ambao mlima ungempa bure, na amezichosha breki juu yake. Mtu wa milimani na aache nafasi: asilimia 15 kwa betri ya 12, asilimia 10 kwa betri ya 18. Mtu wa mjini ndiye anayefaa kujaza kabisa, kwa sababu yeye huanza siku kwa kupanda. Kanuni ni fupi: jaza chini, usijaze juu.

Matope na magurudumu

Upande wa mashariki wa Uluguru, kuelekea Kinole na Matombo, hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Wakati wa masika udongo mwekundu hugeuka kuwa sabuni. Hapo ukubwa wa betri si kitu. Kinachoamua ni magurudumu mangapi yanasukuma.

Tuchukue mpando mkali wa asilimia 15. Gari lahitaji kani sawa na asilimia 15 ya uzito wake ili kupanda, na asilimia 3 nyingine kushinda matope: jumla asilimia 18. Tuseme msuguano kati ya tairi na matope ni 0.3. Gari linalosukumwa na magurudumu ya mbele lina asilimia 55 ya uzito wake mbele likiwa tambarare. Likiinama kupanda, uzito huhamia nyuma, na mbele hubaki asilimia 51 hivi. Kani kubwa inayoweza kupatikana ni 0.3 mara asilimia 51, ambayo ni asilimia 15. Inahitajika 18. Magurudumu yatazunguka mahali pamoja na gari halitakwenda.

Gari lenye mota nyuma pia hutumia uzito wake wote. Lina asilimia 30, na linahitaji 18. Litapanda. Hivyo basi, kwa njia hizo, Outlander na RAV4 zinaizidi ile Sealion ya magurudumu ya mbele, ingawa betri ya Sealion ni kubwa kuliko ya Outlander ya kwanza. Kwa mtu ambaye safari zake zote ni Kihonda, mjini, Mazimbu na barabara kuu ya Dodoma, tofauti hiyo haina thamani, na gari la magurudumu ya mbele litakuwa jepesi na nafuu zaidi.

Mnunuzi apime pia nafasi iliyopo kati ya tumbo la gari na ardhi. Magari mengi ya aina hii yana sentimita 17 hadi 20, na katika mengi betri imelala chini ya sakafu. Jiwe ambalo katika gari jingine lingekwaruza bomba la moshi, hapa laweza kugonga kifuniko cha betri. Umbo la gari la juu lisimdanganye mtu. Achukue rula, alale chini, apime.

Umeme unatoka wapi?

Mkoa wa Morogoro una uhusiano wa karibu na umeme wa taifa. Bwawa la Kidatu, katika Mto Ruaha Mkuu, lilianza kuzalisha umeme mwaka 1975, na mitambo yake ina uwezo wa megawati 204. Katika Mto Rufiji, mpakani mwa mikoa ya Morogoro na Pwani, limejengwa Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Mtambo wake wa kwanza uliingizwa katika gridi mwezi wa Februari 2024, na mitambo yote tisa ilikamilika mwaka 2025. Sehemu nyingine ya umeme wetu hutokana na gesi asilia, ambayo ya Songo Songo ilianza kutumika kuzalisha umeme mwaka 2004. Petroli, kwa upande wake, yote hununuliwa nchi za nje kwa fedha za kigeni.

Tulinganishe. Ile safari ya kwenda ilihitaji yuniti 14 katika betri. Wakati wa kuchaji sehemu fulani hupotea kwa joto, hivyo mita itahesabu yuniti 16. Gari la petroli la uzito huohuo lingetumia kiasi gani? Lita moja ya petroli ina nishati ya kilowati-saa 9 hivi, lakini injini ya kawaida hufikisha robo yake tu kwenye magurudumu, yaani 2.25. Magurudumu yalihitaji yuniti 12 kwa safari nzima. Kwa hiyo ni lita 5 na zaidi kidogo, na moshi wenye kilo 12 hivi za hewa ya kaboni. Msomaji na azidishe mwenyewe: yuniti 16 kwa bei anayonunulia LUKU, na lita 5.3 kwa bei ya kituo cha mafuta cha jirani. Atapata jibu la kweli la siku anayosoma.

Lakini hesabu hiyo ina sharti moja kubwa: gari liwe limechomekwa. Lisipochomekwa, betri kubwa ni mzigo tu. Kilo 150 za betri ya ziada huongeza karibu nusu yuniti kwa kila mita 1,000 za kupanda, na petroli ndiyo itakayozilipia. Mtu asiye na mahali pa kuchaji kila siku, au ambaye nyumba yake haina waya zilizo salama, atafaidi zaidi kwa gari mseto la kawaida, ambalo ni jepesi na bei yake ni ya chini.

Kuchaji kwenyewe si kazi ngumu. Soketi ya volti 230 ikitoa ampea 10 ina nguvu ya kilowati 2.3. Betri ya 12 itahitaji saa nne hivi, na betri ya 18 saa saba. Ni kazi ya usiku. Hata hivyo ampea 10 kwa saa saba mfululizo si sawa na kuwasha birika kwa dakika tano. Waya mwembamba au kiungo kilicholegea kitapata moto. Fundi umeme aweke laini ya peke yake, yenye waya wa ardhi na swichi ya kukata umeme hitilafu ikitokea. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani huja na kebo yenye plagi isiyofanana na yetu. Bamba la kebo lisomwe kwanza, ifahamike ni volti ngapi inakubali, kabla ya kufikiria kubadili plagi. Kadhalika, soketi iliyomo ndani ya magari hayo hutoa volti 100 za Japani, na vyombo vyetu vya volti 230 havitafanya kazi sawasawa humo.

Gari lililokwisha kutumika

Magari mengi tunayoyapata yametumika kwa miaka kadhaa. Kwa gari la petroli, umri huonekana katika injini na bodi. Kwa gari mseto la plagi, umri mkubwa zaidi umejificha katika betri. Betri za lithiamu huchakaa kwa kuchajiwa mara nyingi, na pia kwa kukaa katika joto hali zimejaa.

Tuchukue Outlander ya 2013 ambayo betri yake imebaki na asilimia 70 ya uwezo wa awali. Kilowati-saa 12 zimekuwa 8.4, na sehemu itumikayo ni 5.9. Tambarare ya kwenda Mlali itakula 4.5. Zitabaki 1.4: umeme wa kupanda kilomita nne tu. Gari bado ni zima na litafika, lakini mnunuzi aliyelipia gari la umeme amepata gari zito la petroli. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, apate kipimo cha hali ya betri kilichosomwa kwa kifaa cha kuunganishwa na kompyuta ya gari. Muuzaji asiyetaka betri ipimwe ameshajibu swali.

Aina ya betri nayo ina maana. Betri ya BYD ni ya lithiamu, chuma na fosfati. Aina hiyo ni nzito zaidi kwa nishati ileile, lakini kwa kawaida hustahimili kuchajiwa mara nyingi zaidi kuliko betri zenye nikeli.

Uamuzi

Sasa twaweza kumjibu mnunuzi wetu. Asianze na jina la gari. Aanze na maswali matatu. Nitachomeka wapi? Napanda kiasi gani, mara ngapi? Njia yangu ni ya lami au ya udongo?

Anayeishi mjini, anayekwenda kilomita 20 kwa siku, atatumia yuniti 3.6 tu. Kwake yeye hata betri ya 12, ikiwa nzima, inatosha na kubakiza. Akipanda mlimani mara moja kwa mwezi, petroli kidogo ya siku hiyo ni nafuu kuliko bei ya betri kubwa. Anayepanda Mgeta kila wiki, kama bwana shamba au mkaguzi wa shule, anafaidika na betri ya 18 au zaidi pamoja na mota ya nyuma. Anayekwenda Kinole na Matombo katika masika asikubali gari la magurudumu ya mbele kwa sababu yoyote. Anayekwenda Dar es Salaam mara kwa mara, kilomita 190 hivi, atambue kwamba baada ya theluthi ya kwanza betri imekwisha na gari linakula petroli kama mseto wa kawaida. Hapo tofauti ni ya injini: katika vipimo vya Japani RAV4 ya 2020 ilipewa karibu kilomita 22 kwa lita, na Outlander ya 2021 karibu 16. Lakini tangu Juni 2024 treni ya umeme inakwenda Dar es Salaam kutoka Morogoro, na kwa msafiri mmoja ni vigumu gari lolote kuishinda kwa nishati.

Na asiye na mahali pa kuchomeka, jibu lake ni moja: asinunue gari la plagi, hata likiwa zuri namna gani.

Kazi ya darasani

1. Tafuta kwenye ramani kimo cha shule yako na kimo cha soko la karibu. Kokotoa yuniti zinazohitajika kuinua gari la kilo 2,000 kati ya sehemu hizo mbili.

2. Rudia hesabu ya matope kwa msuguano wa 0.4. Je, gari la magurudumu ya mbele litapanda sasa?

3. Mwalimu anashuka mita 600 katika njia ya kilomita 15, akitumia ukinzani uleule wa asilimia 2. Betri yake ni ya kilowati-saa 18. Aichaji hadi asilimia ngapi kabla ya kuondoka, ili nishati ya mlima isipotee?